Tumwache Ndugu Yetu Abandike Plasta

Kila Kwaresima inapoanza, katika jumuiya zetu ndogo ndogo huzuka orodha ya vitu vya kuacha. Mmoja anaacha soda, mwingine nyama, mwingine bia, na wavutaji wetu wanaacha sigara. Tunawapongeza, tunawaombea. Ikifika Jumatatu ya Pasaka tunawakuta nyuma ya ukumbi wa parokia, moshi umerudi palepale, na sisi tunatikisa vichwa: "Huyu hana nia." Hapo ndipo tunapotaka kubishana na wasomaji wetu, mafrateri wenzetu wakiwemo. Nia anayo, na kwa siku arobaini ameionyesha mbele ya parokia nzima. Kilichomkosa ni msaada ambao upo, umepimwa kwa zaidi ya miaka 30, na ambao wengi wetu tukiusikia tunaucheka.

Msaada huo ni plasta ya nikotini. Tuieleze kwanza, maana wengi wakisikia plasta wanafikiria ile ya kidonda. Ni kibandiko kidogo chenye nikotini, kinachobandikwa kwenye ngozi kavu isiyo na nywele nyingi: mkononi juu ya kiwiko, kifuani au nyongani. Nikotini inapenya ngozi polepole na kuingia katika damu kwa muda wa saa 16 au 24, kutegemea aina. Kesho yake unabandua na kubandika nyingine mahali pengine, ili ngozi isiwashe. Hakuna moshi, hakuna lami ya kuganda mapafuni, hakuna hewa ya kaboni monoksidi. Mtu aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki sita, anashuka hadi ya 14 kwa wiki mbili, kisha ya 7 kwa wiki mbili nyingine, halafu basi. Jumla ni wiki kumi.

Asili ya plasta hii inatugusa kuliko tunavyodhani. Wenzetu waliokulia Urambo, Kaliua na Sikonge wanaijua siri yake bila kuisoma popote. Ukiamka alfajiri kuchuma tumbaku, majani yakiwa yamelowa umande na shati limeshikana na mwili, kufikia saa nne kichwa kinazunguka, tumbo linachafuka, wengine wanatapika. Hujavuta hata pafu moja. Ni nikotini imetoka kwenye majani mabichi ikapita kwenye ngozi yako. Watoto wanaosaidia wazazi shambani huumwa zaidi, kwa sababu miili yao ni midogo. Ugonjwa huohuo ulijulikana kwa wavunaji wa tumbaku wa kusini mwa Marekani, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Murray Jarvik na Jed Rose, walijiuliza: kama ngozi inapitisha nikotini hadi kumlaza mtu, je, haiwezi kuipitisha kwa kipimo kidogo cha kumtuliza anayeacha sigara? Kwa kuwa hawakupata ruhusa ya kujaribu kwa watu wengine, walijiwekea tumbaku kwenye ngozi zao wenyewe wakasubiri. Mapigo ya moyo yakapanda. Mwaka 1991 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha plasta za kwanza, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaziingiza plasta na jojo za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha ileile yenye dawa za malaria na za kifua kikuu.

Yaani kilichomtapisha mtoto shambani kimepimwa, kikapunguzwa, kikawa tiba. Hata hivyo, baadhi yetu tukiwa likizo tuliulizia plasta hiyo katika maduka ya dawa muhimu ya kwetu, kule kwenye mabani ya kukaushia tumbaku kila kona. Muuzaji alitusikiliza kwa adabu, akaingia ndani, akarudi na plasta ya kidonda. Mwingine alituuliza kama tunatania.

Turudi kwa ndugu yetu na nia yake. Anapovuta sigara, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Hiyo ndiyo nguvu ya sigara, kwamba inajibu haraka kiasi kwamba mwili unajifunza kuidai. Mvutaji wa paketi moja kwa siku amerudia somo hilo mara 20 leo, na jana, na kila siku kwa miaka yote aliyovuta. Akiacha ghafla inakuja arosto: hasira za bure, usingizi unapotea, njaa isiyoisha, kushindwa kutulia hata kwenye rozari. Hali huwa mbaya zaidi katika wiki ya kwanza, na hupungua kwa wiki mbili hadi nne. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao tu, wanaofikisha nusu mwaka hadi mwaka bila kuvuta ni kama 3 hadi 5. Na sigara inaweza kuua hadi nusu ya wavutaji wasioacha. Kwa hiyo tunapomwambia mtu "jikaze tu," tunampa ushauri ambao tunajua utawashinda zaidi ya 90 katika 100, na kinachofuata baada ya kushindwa ni jeneza la mapema.

Plasta haifanyi miujiza, tusiwadanganye. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kwamba dawa za nikotini huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa asilimia 50 hadi 60. Pale ambapo wangefaulu watu 10, wanafaulu 15 au 16. Akiitumia pamoja na jojo ya nikotini ya kutafuna pale hamu inapochachamaa, matokeo ni bora zaidi, na akiwa na mtu wa kumshauri, bora tena. Bado wengi watarudi kuvuta, na watahitaji kujaribu mara ya pili na ya tatu. Lakini tuambiwe ni paroko gani angekataa semina ya ndoa kwa sababu inaokoa ndoa tano tu za ziada.

Pingamizi tunalolisikia zaidi, hasa kutoka kwa wanafalsafa wenzetu tunaopenda kubishana baada ya chakula cha jioni, ni kwamba plasta ni sigara iliyovaa kanzu. Unamtoa mtu kwenye nikotini ya moshi unamtia kwenye nikotini ya ngozi; uraibu ni uleule. Hoja hii ina sura nzuri, ila inasahau suala la mwendo. Uraibu wa sigara unajengwa na pigo la sekunde chache linalorudiwa siku nzima. Plasta haina pigo. Inapanda taratibu kwa saa kadhaa na kubaki pale, inaziba tundu bila kumpa mtu ile raha ya pafu la kwanza la asubuhi. Tena imepangwa kushuka: 21, 14, 7, sifuri. Hatujawahi kusikia mtu anayeamka usiku wa manane kutafuta duka lililo wazi ili anunue plasta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linatoka kwa watu wanaosali. Wanasema: akiacha kwa plasta, sadaka yake iko wapi? Toba ni kuumia kidogo. Ukiondoa maumivu umeondoa stahili.

Hapa tunamwita Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwani tunamsoma kila wiki na si vibaya akatusaidia. Katika Summa yake, alipofika kwenye huzuni ya moyo na namna ya kuipunguza, Thoma hakuishia kwenye kutafakari ukweli. Alitaja pia machozi, huruma ya marafiki, usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga. Mwalimu wa Kanisa anamwambia mwenye huzuni akaoge maji na kulala, kwa sababu anajua mtu ni mwili na roho, na kwamba mwili ukirudi katika hali yake, roho inapumua. Hakuna aliyemwambia Thoma kwamba ana upungufu wa imani. Ni Thoma huyohuyo anayetenganisha mtu mwenye kiasi na mtu anayejizuia. Anayejizuia anapigana na tamaa kali na kuishinda kwa shida. Mwenye kiasi, tamaa zake zimekwisha kutulia zikaifuata akili. Huyu wa pili ndiye aliye mbele katika fadhila, ingawa haumii. Kwa hiyo kipimo cha fadhila si kiasi cha jasho. Naye Aristotle, katika kitabu cha saba cha Maadili kwa Nikomako, alikwisha kuona kwamba mtu anaweza kulijua lililo jema, akalitaka, na bado tamaa ikamzidi nguvu. Kumhubiria mtu kama huyo ubaya wa sigara ni kumfundisha somo analolijua vizuri kuliko sisi. Anachohitaji ni tamaa ishuke hadi akili yake isikike.

Katekisimu ya Kanisa nayo iko wazi pande zote mbili. Namba 2290 inataja tumbaku waziwazi kati ya vitu ambavyo fadhila ya kiasi inatutaka tusivitumie kupita kiasi. Namba 1735 inakumbusha kwamba mazoea, pamoja na mambo mengine, yanaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake. Padri kwenye kiti cha kitubio anazisoma namba hizo mbili kwa pamoja. Sisi kwenye jumuiya tunapenda kusoma ya kwanza tu. Na Yoshua bin Sira anatuambia, katika sura ya 38, kwamba dawa zimetoka katika ardhi kwa uweza wa Mungu na mwenye busara hazikatai. Tumbaku nayo imetoka ardhini.

Kanisa, kwa njia, limewahi kuikabili tumbaku kwa ukali kuliko tunavyojua. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII alitishia kuwatenga na Kanisa waliotumia tumbaku ndani ya makanisa ya jimbo la Sevilla, Hispania, ugoro wa kunusa ukiwemo. Papa Inosenti X akafanya hivyo kwa Basilika la Mtakatifu Petro mwaka 1650, na karne iliyofuata Benedikto XIII akaja kuiondoa adhabu hiyo. Papa Fransisko alichukua njia nyingine: mwaka 2017 aliamua kwamba Vatikano iache kuuza sigara kuanzia 2018, ingawa mauzo hayo yalikuwa yanaiingizia fedha. Hakumfokea mvutaji yeyote. Alifunga duka.

Sasa tuingie nyumbani kwetu, maana ni rahisi kuandika juu ya waamini na kujiruka wenyewe. Katika nyumba nyingi za malezi kanuni inajulikana: frateri akikamatwa na sigara, suala lake linafika kwenye baraza la walezi, na anaweza kufungasha. Sababu za kanuni hiyo tunazielewa na hatuombi ifutwe. Padri anayepumua kwa shida akiwa na miaka 45 ni hasara kwa jimbo zima. Lakini tuangalie kanuni hiyo inazaa nini. Frateri aliyekuja na uraibu, alioupata akiwa sekondari au mtaani kabla ya kuingia, anajifunza kuficha. Anapiga mswaki mara nne kwa siku, mfukoni hakosi pipi za minti, anajitolea kuchoma taka kila Jumamosi ili moshi wa taka ufunike moshi wake. Hamwambii mlezi kwa sababu ya hofu. Akimwambia padri wa kiroho, padri huyo anafungwa na siri na hawezi kumpeleka popote. Plasta yenyewe ingemfichua: tunaoga pamoja, tunacheza mpira pamoja, kibandiko mkononi kingeulizwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo anaendelea kuvuta hadi anapewa daraja, na siku ya kwanza parokiani, ambako hakuna wa kumkamata, anavuta barazani.

Sisi tunaona upungufu unaorekebishika. Tunawaomba magombera na walezi wetu wamtenganishe aliyekamatwa na aliyejileta. Frateri anayekwenda mwenyewe kwa mlezi, kabla hajakamatwa, akasema "Padri, navuta na nataka kuacha," apewe wiki kumi: plasta kutoka kwa mhudumu wa zahanati, mtu mmoja wa kuzungumza naye kila wiki, na jina lake lisiingizwe katika ripoti ya mwaka kama kosa. Baada ya wiki kumi walezi wataona wenyewe wana mtu gani mikononi. Tunaamini kwamba kijana aliyejifunza kukiri udhaifu wake na kupokea dawa atakuwa muungamishi mpole kuliko yule aliyejifunza kupiga mswaki.

Kuna watakaosema tunafungua mlango wa nikotini kwa vijana. Mlango huo umekwisha kufunguliwa, ila si na plasta. Ni na vile vifuko vyeupe vya nikotini vya kubana chini ya mdomo, na sigara za mvuke zenye ladha ya embe na minti, zilizopambwa rangi za kuvutia kana kwamba ni peremende. Kifuko cha nikotini hakimdai mtu awe mvutaji kwanza. Kinamtafuta asiyewahi kuvuta. Tunasema bila kupepesa macho: kijana wa VIWAWA asiyevuta hana haja ya nikotini ya aina yoyote, ya ngozi, ya mdomo wala ya mvuke. Plasta ni ya mtu anayetoka, na haimfai anayeingia. Na mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au aliye chini ya miaka 18 asiibandike kabla ya kuzungumza na daktari.

Bei ni kikwazo cha kweli. Mtu anayenunua sigara moja moja kwenye kibanda haoni fedha inavyotoka. Akiambiwa alipie plasta za mwezi mzima kwa mkupuo anashtuka, hata kama kwa mwaka sigara zinamgharimu zaidi. Zahanati za parokia na hospitali za majimbo zinaweza kuagiza kwa pamoja, na chama cha UWAKA, ambacho ndicho chenye wavutaji wengi, kinaweza kuwa na mfuko mdogo wa kumkopesha mwanachama akalipa polepole. Tumeona UWAKA wakinunua sare za sherehe kwa mpango huohuo.

Tumalizie na maswali tuliyoulizwa tulipozungumzia jambo hili jumuiyani. Je, plasta inavunja mfungo wa Ekaristi? Hapana, kanuni ya 919 inadai saa moja bila chakula wala kinywaji, na inaruhusu maji na dawa. Plasta haipiti hata mdomoni. Je, mtu akivuta sigara akiwa amebandika atakufa? Akiteleza akavuta moja, asikate tamaa wala asiache plasta. Aizime sigara aendelee na ratiba. Ndoto za ajabu usiku? Hutokea kwa plasta za saa 24. Akiona zinamsumbua aibandue kabla ya kulala. Iliyotumika ikunjwe upande wa gundi ukiwa ndani na kutupwa mbali na watoto, kwani bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto mdogo.

Na lile la mwisho, mama mmoja wa WAWATA alituuliza aanze lini na mume wake. Tulipiga hesabu pale pale kwa kalenda ya ukutani. Akibandika plasta ya kwanza Jumatano ya Majivu, ile ya miligramu 21 itamfikisha Juma Kuu, na Jumatano ya juma hilo ndipo atakaposhuka kwenye 14. Pasaka itamkuta bado amebandika. Ya mwisho ya 7 ataibandua katika juma la nne la Pasaka. Kwa hiyo mama, usiache kumuuliza hali yake baada ya mkesha, na jumuiya isiache pia. Wiki tatu na zaidi za safari yake ziko upande ule wa Aleluya.